Chenye Jina Kina Mwenyewe

TAHARIRI



Jeshi lolote humpa askari wake vitu vinavyofanana na vya mwenzake: kikombe cha bati, sahani, blanketi, mkanda, buti, shanta na chupa ya maji. Siku ya kwanza vyote ni vya serikali na havina tofauti. Haupiti muda mrefu askari hutafuta msumari au ncha ya kisu, akakwaruza juu ya kikombe chake jina lake, au herufi mbili za jina, au namba yake ya jeshi, au kijiji alikotoka. Hufanya hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: kikombe chake kisichanganywe na cha mwingine. Ya pili haisemwi kwa sauti: akifa mahali ambapo hakuna anayemfahamu, pabaki kitu cha kumtaja.

Tahariri hii inahusu vitu vya namna hiyo, kwa kuwa vingine huenda vimo katika nyumba zetu. Hoja yetu ni moja. Kitu chenye jina la mtu hakiwi chetu kwa sababu tu mwenyewe amekufa au amekimbia. Ni amana. Na watu wanaokaa mpakani kama sisi tuna wajibu wa kukitunza, kukiandika, na inapowezekana kukirudisha.

Sisi wa Ihanda, pamoja na wenzetu wote wa Karagwe na wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, tunaishi katika nchi ambayo mto Kagera huitenga na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini. Mto huo haujawahi kuzizuia habari za vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia nchi yetu mpaka Kyaka, na vita vikaendelea hadi katikati ya mwaka 1979. Oktoba 1, 1990 wapiganaji wa RPF waliingia Rwanda kwa kituo cha mpakani cha Kagitumba, jirani kabisa na Murongo yetu. Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na wengine wengi wakaja kuishi katika kambi za Karagwe. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda waliagizwa kurudi kwao kabla ya mwisho wa mwaka, nao wakaondoka kwa mamia ya maelfu.

Watu wanapoondoka namna hiyo hawawezi kubeba kila kitu. Kuna vilivyoachwa, kuna vilivyouzwa kwa bei ya kutupa, kuna vilivyobadilishwa kwa mkungu wa ndizi au debe la maharage, na kuna vilivyochukuliwa tu. Turubai na madebe yenye herufi za UNHCR hayatusumbui hapa. Mwenyewe ni shirika, nalo linajulikana. Tunasema juu ya vitu vyenye alama ya mtu mmoja: sanduku la bati lililoandikwa jina kwa rangi, kikombe kilichokwaruzwa, kitabu cha sala chenye jina katika ukurasa wa kwanza, mkanda, picha, kitambulisho.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini jambo dogo kama kikombe lipewe nafasi katika karatasi za haki na amani? Jibu ni kwamba katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kitu kidogo huwa ndicho shahidi pekee. Katika vita vya nchi mbili sare humtaja askari walau kwa nusu; tunajua alitoka upande gani. Ndugu wanapopigana wao kwa wao, hata hilo hupotea. Wapiganaji walioingia Rwanda mwaka 1990 wengi wao walikuwa wamevaa sare za jeshi la Uganda, walikokuwa wakitumikia mpaka siku hiyo. Aliyekuta maiti ya mmoja wao hakuweza kujua kwa sare peke yake kama ni Mganda au ni Mnyarwanda, wala ni mwana wa nani. Kama jina halikuwa limeandikwa mahali fulani, lilikwenda kaburini pamoja naye.

Hayo si ya Afrika pekee. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, serikali haikuwapa askari kitu chochote rasmi cha kuwatambulisha. Askari walijisaidia wenyewe. Wengine waliandika majina yao kwenye karatasi wakazibandika kwa pini juu ya makoti kabla ya kwenda kushambulia. Wengine walichonga vipande vya mti, au walinunua visahani vya shaba kwa wachuuzi waliofuata kambi. Hata hivyo, miili zaidi ya 300,000 ya askari wa upande wa Kaskazini ilipokusanywa baada ya vita na kuzikwa katika makaburi ya taifa, karibu nusu haikutambulika kwa majina. Mwanamke mmoja, Clara Barton, alifungua ofisi ya kuwatafuta waliopotea. Hadi mwaka 1868 ofisi hiyo ilikuwa imejibu barua zaidi ya 63,000 na kupata habari za askari zaidi ya 22,000. Hakuwa na jeshi wala mahakama. Alikuwa na orodha, barua na uvumilivu.

Mataifa yalijifunza polepole. Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa mwaka 1949 unaagiza kwamba askari wa adui akifa, jina lake, namba yake na habari za kifo chake ziandikwe. Akiwa na kibati cha utambulisho chenye sehemu mbili, nusu ibaki na mwili na nusu ipelekwe kwa upande wake. Mkataba unakwenda mbali zaidi: wosia wake, fedha zake, na vitu vyote vyenye thamani ya mali au thamani ya moyoni vitunzwe na kurudishwa. Tuzingatie neno hilo, thamani ya moyoni. Sheria ya mataifa imekubali kwamba picha iliyochakaa ni mali ya kurudishwa sawa na fedha.

Lakini maagizo hayo kamili yaliwekwa kwa vita vya nchi na nchi. Kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe sheria ni fupi zaidi. Itifaki ya Pili ya mwaka 1977 inataka wafu watafutwe, wasiporwe, na wazikwe kwa heshima. Haielezi kibati wala orodha wala kurudisha picha. Pengo hilo halizibwi na serikali peke yake. Huzibwa na watu waliokuwa karibu: aliyezika, aliyeokota, aliyenunua. Ndiyo maana tunasema nanyi.

Babu zetu waliliona pengo hilo kabla yetu. Katika Vita Kuu ya Kwanza mamia ya maelfu ya wanaume wa Afrika Mashariki walibebeshwa mizigo ya majeshi ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Mpagazi alipewa namba. Wengi walikufa kwa njaa, kuhara na homa, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, kwa kuwa majina yalikuwa yameandikwa vibaya au hayakuandikwa kabisa. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika vita hivyo wakiitumikia dola ya Uingereza, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawaheshimu wote kwa pamoja. Lakini hakuna mama aliyezaa watu wote kwa pamoja. Kila mama alimzaa mtu mmoja, akampa jina.

Hapa ni lazima tutofautishe alama na alama. Iko alama ambayo mtu hujiandikia mwenyewe, na iko alama ambayo mtawala humwandikia. Katika Rwanda, tangu utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930 mpaka mwaka 1994, kila mtu mzima alibeba kitambulisho kilichotaja kabila lake: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mwezi Aprili 1994 kitambulisho hicho kilidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani, na neno moja lililoandikwa humo lilitosha kumwua mwenye nacho. Alama anayojiandikia mtu husema: mimi ni fulani. Ile ya kitambulisho ilisema: huyu ni wa kundi fulani, fanyeni mtakavyo. Tunapookota kitu na kusema hiki ni cha Wahutu, au hiki ni cha Watutsi, tunairudia alama ile ya pili. Tukisoma jina na kuuliza ni la nani, tunaiheshimu ile ya kwanza.

Wakubwa kwa umri miongoni mwetu wanakumbuka mto ulivyokuwa mwezi Mei mwaka ule. Miili ya waliouawa ilielea katika Kagera, ikapita mpakani mwetu, ikafika Ziwa Viktoria. Wavuvi na wanavijiji wa Uganda waliiopoa na kuizika. Katika makaburi ya kumbukumbu ya Kasensero, Lambu na Ggolo wamelazwa watu 10,983. Namba hiyo inajulikana mpaka mtu wa mwisho. Majina yao kwa sehemu kubwa hayajulikani. Nguo zilikuwa zimeoza, na vitu walivyobeba vilibaki njiani au mikononi mwa wengine. Kila kitu chenye jina kilichobaki popote katika eneo hili ni sehemu ndogo ya jibu ambalo jamaa fulani bado wanalingoja.

Tuseme pia juu ya uporaji, maana haki haichagui upande. Mwaka 1978 askari wa Amin walipoikalia sehemu ya kaskazini ya mto Kagera walichukua ng'ombe, mabati, vyombo vya nyumbani na hata mitambo ya kiwanda cha sukari. Tulilia, na tulikuwa na haki ya kulia. Lakini kumbukumbu za vita hivyo hazifichi kwamba baadhi ya askari wa upande wetu nao walijichukulia mali za watu Uganda. Na raia waliponunua kwa bei ya kutupa kitu walichojua hakikuwa cha muuzaji, walikamilisha kazi aliyoianza mporaji. Injili inatuonyesha askari walioyagawana mavazi ya mtu aliyekuwa bado anakufa msalabani, wakayapigia kura. Hatujawahi kuwasifu kwa hilo. Na Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 22, linaagiza kwamba anayeokota ng'ombe, punda au vazi la ndugu yake asijifanye hakuona, bali amtunzie mpaka mwenyewe atakapokuja kuuliza. Agizo hilo halikuweka kikomo cha miaka.

Wako watakaosema kwamba tunafukua makaburi, kwamba miaka mingi imepita na ni heri kuacha vidonda vipone. Tunaheshimu hofu hiyo. Lakini kidonda cha aliyefiwa na kidonda cha asiyejua kama amefiwa si kimoja. Wa kwanza aliweka matanga, akalia, akanyoa, akarudi shambani. Wa pili hajaweka matanga mpaka leo. Anayetunyamazisha kwa ajili ya amani yake asisahau kwamba mwingine hajapata amani kwa sababu ya ukimya huo huo.

Wako pia watakaouliza: je, kama mwenye kikombe alikuwa mwuaji? Rusumo, askari wetu waliwanyang'anya waliovuka silaha zao, na rundo la mapanga na marungu likabaki pale mpakani. Kwa hakika baadhi ya waliovuka walikuwa na damu mikononi. Tunajibu kwamba kuandika jina si kutoa hukumu, na si kutoa msamaha. Aliyekuwa meya wa Rusumo ya Rwanda, Sylvestre Gacumbitsi, alikamatwa nchini mwetu mwaka 2001 na kuhukumiwa mwaka 2004 na Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha, kwa sehemu yake katika mauaji ya mwaka 1994, yakiwemo ya kanisa la Nyarubuye, ng'ambo ya mto. Alihukumiwa kwa jina lake na kwa matendo yake, si kwa kabila lake. Jina linamsaidia mama anayemtafuta mwanawe, na linaisaidia mahakama inayomtafuta mkosaji. Anayelipoteza huwaibia wote wawili.

Basi tufanye nini? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tunapendekeza kwa kila Jumuiya Ndogo Ndogo mambo yafuatayo.

Kwanza, usalama. Risasi, guruneti au kitu chochote kisichoeleweka kisiguswe, wala watoto wasikikaribie. Taarifa ipelekwe kwa uongozi wa kijiji na polisi. Sare za jeshi raia haruhusiwi kuwa nazo. Zikabidhiwe kwa mamlaka, lakini kabla ya kukabidhiwa jina au namba iliyoandikwa ndani yake inakiliwe.

Pili, kitu chenye alama kisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kikombe kikiuzwa kwa uzito wa bati, jina huyeyushwa pamoja nacho. Kisisuguliwe kwa mchanga ili king'ae, maana mkwaruzo wa msumari ni mwembamba na hufutika upesi.

Tatu, liwepo daftari. Ndani yake iandikwe: kitu gani, kilipatikana wapi, mwaka gani, kwa njia gani, na alama ilivyo, herufi kwa herufi, bila kukisia zilizofutika. Anayeleta kitu asiulizwe kwa ukali alikipataje, ili asirudi nacho nyumbani na kukificha tena. Mwenye kujisikia mzigo moyoni anajua pa kuupeleka.

Nne, wazee wetu waliopigana mwaka 1978 na 1979, wakiwa wanajeshi au mgambo, wasikilizwe wangali hai. Wengi wanajua majina ya wenzao walioanguka na mahali walipoanguka. Wanajeshi waliozikwa Kaboya, wilayani Muleba, wanaheshimiwa na taifa. Hata hivyo mzee mmoja anaweza kuwa na habari ya mwenzake ambayo jamaa zake hawajawahi kuisikia.

Tano, njia za kurudisha zipo. Kwa vitu vya askari wetu, tumwone mshauri wa mgambo wa wilaya. Kwa vitu vya watu wa nchi jirani, Chama cha Msalaba Mwekundu kina huduma ya kuwatafuta ndugu waliopotezana. Baada ya mwaka 1994 kazi ya namna hiyo iliwasaidia watoto wengi wa Rwanda kuwapata jamaa zao. Hata hivyo, majina yasitangazwe mnadani wala kubandikwa ukutani. Wako watu ambao jina la ukoo wao likijulikana mahali pasipofaa, huwaletea hatari.

Sita, kwa vitu ambavyo mwenyewe hapatikani, vitunzwe pamoja na daftari lake. Kila mwezi Novemba, tunapowaombea marehemu wetu, majina hayo nayo yawekwe katika maombi. Kuzika wafu ni tendo la huruma. Kutaja jina la asiyezikwa na ndugu zake ni sehemu ya tendo hilo.

Hatuahidi kwamba kazi hii italeta matokeo mengi. Huenda katika vijiji kumi kikapatikana kitu kimoja, na katika vitu kumi jina moja lisomeke, na jamaa za mtu huyo wasipatikane. Hata hivyo tutakuwa tumewafundisha watoto wetu kwamba mtu hageuki kuwa kitu kwa sababu ya vita, na kwamba mali ya aliyekimbia si zawadi kwa aliyebaki. Vita havina macho, lakini sisi tunayo, na tumejifunza kusoma.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Je, katika kijiji chetu kuna vitu vilivyoachwa na askari au wakimbizi? Tulivipataje, na tunavitumiaje leo?

2. Ni wazee gani karibu nasi wenye kumbukumbu za vita vya mwaka 1978 na 1979 ambao hatujawahi kuwasikiliza? Nani atawatembelea, na lini?

3. Tunapowataja majirani zetu wa ng'ambo ya mto, je, tunawataja kwa majina yao au kwa makabila yao? Tufanye nini kuibadili desturi hiyo nyumbani kwetu?

4. Nani atashika daftari la jumuiya yetu, na litatunzwa wapi?